Kidole Kitangulie Kalamu

Katika mkutano wetu wa mwisho wa muhula, niliposimama kueleza kwamba chama cha walimu wa Kiswahili kingefanya vyema kuzungumzia udongo, ukili na maganda ya migomba, baadhi ya wenzangu walicheka. Mmoja aliuliza, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, kama nimeacha ualimu wa lugha nikaingia ualimu wa ufinyanzi. Nilikaa chini, maana wakati ulikuwa umekwisha na chakula kilikuwa kimepakuliwa. Hapa gazetini hakuna chakula kinachotungoja. Basi na nijibu kwa kirefu.

Ninalolipinga ni desturi iliyoenea katika miji yetu ya Uganda, na ambayo sasa inaingia vijijini, ya kumkabidhi mtoto wa miaka mitatu, na pengine wa miwili na nusu, kalamu ya risasi na daftari lenye mistari, kisha kumtaka aijaze kurasa herufi moja ileile, ilhali mikono yake haijapata kufinya udongo, kupasua jani kavu wala kufungua kifuniko cha kopo. Shule zetu za chekechea (shule za vidudu, kama zilivyoitwa zamani kwa majirani zetu Tanzania) karibu zote ni za watu binafsi. Mwenye shule asiyeweza kuonyesha daftari lililojaa herufi mwisho wa juma huogopa kwamba mzazi atamhamisha mtoto. Mzazi naye, akiliona daftari limejaa, hupumua. Hivyo daftari limekuwa stakabadhi ya karo, na mkono wa mtoto ndio unaolazimishwa kuitia sahihi.

Sisemi haya kama mtu aliyesimama kando. Mtoto wangu wa pili, mvulana, aliingia chekechea Februari 2019 akiwa na miaka mitatu na miezi miwili. Juma la tatu alirudi na kazi ya nyumbani: kurasa mbili za herufi a. Nilimketisha mezani baada ya chakula cha jioni. Aliishika kalamu kwa ngumi nzima, kama mtu ashikaye mchi, na ncha ikatoboa karatasi. Nilimkaripia. Nikaushika mkono wake ndani ya mkono wangu, nikauendesha. Mara ya nne, alipoiacha tena kalamu ianguke, nilimpiga kofi mkononi, mkono uleule niliokuwa nikidai kuufundisha. Alilia, tukaandika, akalala palepale mezani. Kesho yake kazi ile ilirudi na alama ya vema na nyota nyekundu. Nyota hiyo ilikuwa haki yangu, kwani ni mimi niliyeandika.

Na mimi nina stashahada ya ualimu. Wakati nikiisomea tulifundishwa hatua za ukuaji wa mtoto, tukafanya mtihani, tukafaulu, tukasahau. Yafaa basi tukumbushane.

Kifundo cha mkono wa binadamu kina mifupa midogo 8. Mtoto azaliwapo, kwa kawaida hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliokwisha kuwa mfupa wenyewe. Yote ni gegedu, na picha ya eksirei haiioni. Miwili huanza kugeuka mfupa katika miezi michache ya mwanzo. Mingine hufuata mmoja mmoja, mwaka hata mwaka, na wa mwisho huweza kungoja hata baada ya miaka 9. Mtoto wa miaka mitatu huwa na kama mitatu tu iliyokwisha kuonekana. Juu ya hayo, nguvu za mkono huanzia juu zikishuka chini: bega hutangulia, kisha kiwiko, kisha kifundo, na vidole huja mwisho. Ndiyo maana mtoto mdogo apigapo mistari hutumia mkono wote kuanzia begani. Hafanyi hivyo kwa ukaidi.

Tena kuna utaratibu wa maumbo yenyewe. Karibu na miaka miwili mtoto huweza kuiga mstari wa wima. Duara huja karibu na miaka mitatu. Msalaba huja karibu na minne, mraba baadaye kidogo, na pembetatu, yenye mistari ya mshazari, karibu na mitano. Sasa itazame herufi a: ni duara na mstari vilivyoambatana. Itazame k, ambayo Kiswahili hakiwezi kuishi siku moja bila yake: mstari wima na mishazari miwili inayokutana katikati. Tunamtaka mtoto wa miaka mitatu afanye kazi ambayo mkono wake utaimudu baada ya mwaka mmoja au miwili, halafu tunamwita mzito.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mageni, yameletwa juzi na miradi ya wafadhili. La, hasha. Friedrich Froebel alianzisha shule yake ya watoto wadogo mjini Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na miongoni mwa kazi alizowapa ni kukunja karatasi, kufinyanga udongo na kusuka vipande vya karatasi kama mkeka. Kisha yupo Maria Montessori wa Italia. Kabla hajafungua nyumba yake maarufu ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alikuwa akiwafundisha watoto waliokuwa na upungufu wa akili. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 11 aliyeshindwa kabisa kujifunza kushona. Montessori hakumzidishia sindano. Alimpa kazi ya Froebel ya kusuka mkeka wa karatasi, kupitisha kipande juu ya kimoja na chini ya kingine. Alipoimudu kazi hiyo, akamrudisha kwenye sindano, msichana akashona. Kutokana na tukio hilo Montessori alitambua kwamba mkono huandaliwa kwa kazi nyingine kabla ya kazi yenyewe, na fikira hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye zile herufi za karatasi ya msasa ambazo mtoto huzipapasa kwa kidole kabla ya kushika kalamu.

Mkeka wa karatasi! Kitu ambacho walimu wa Ulaya walikiigiza kwa karatasi na mkasi, hapa kwetu Masaka kimetandikwa sebuleni, kimesukwa kwa ukindu halisi, na aliyekisuka yungali hai akitutazama tukipeleka watoto wake wakajaze madaftari.

Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na chekechea za Uganda hazikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Niliwapeleka watoto wangu kwa mama yangu mzazi, kijijini, nje kidogo ya Masaka. Mvulana alikuwa na miaka minne. Mdogo wake wa kike alikuwa ametimiza mwaka mmoja na mwezi. Nilikwenda na begi la madaftari. Mama aliyapokea kwa heshima zote, akayaweka juu ya kabati, na huko yakabaki.

Binti yule alipewa kopo tupu la maziwa na magunzi ya mahindi. Akiyaingiza, bibi yake anayamwaga. Akiyaingiza tena, yanamwagwa tena. Nilidhani ni mchezo wa kumnyamazisha mtoto. Sikuona kwamba kila gunzi lilimdai apime umbali, afungue vidole kwa kadiri ya unene wake, kisha aliachie mahali hasa palipotakiwa. Kuachia ni kazi ngumu kuliko kushika. Mtoto mchanga hushika tangu siku ya kwanza, pasipo kufundishwa. Kuachia kwa kupenda hujifunza baadaye.

Baada ya magunzi yakaja majani makavu ya mgomba, ya kupasuliwa. Gumba na kidole cha shahada vya mkono mmoja hubana, vya mkono wa pili huvuta. Kubana huko kwa ncha za vidole viwili mtoto hukuanza kati ya miezi 9 na 12, naye huwa na kiu ya kukufanya kutwa; tusipompa majani ya kupasua atapasua vitabu vyetu, na hapo tutasema ni mtundu. (Kidole hicho tumekipa jina la shahada, na shahada hiyohiyo tumeiweka ukutani katika fremu. Sijui mwalimu gani wa kwanza alisahau kwamba ya pili inategemea cha kwanza.)

Ulipofika umri wa mwaka mmoja na nusu na zaidi, ikaja zamu ya udongo. Hapa mimi nilitaka kujionyesha. Nilikuwa nimesoma namna ya kutengeneza donge la kuchezea: unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kama kikombe 1, ukande hadi liwe laini. Nilikuja na unga na chumvi kutoka mjini. Mama aliutazama ule unga, akanitazama mimi. "Mwanangu, chakula hakichezewi," akasema, "na watoto wa jirani wanaona." Alisema kweli, tena kweli mbili, kwani mtoto wa umri ule hula kila akishikacho, na chumvi nyingi kiasi kile si ya kuingia tumboni mwa mtoto. Unga ukawa chapati. Udongo ukaletwa kutoka bondeni, mbali na vyoo na mahali mifugo inywapo, ukachambuliwa mawe na mizizi, ukalowekwa, ukakandwa.

Ningependa nikae kidogo juu ya udongo huo, maana hakuna daftari liwezalo kushindana nao. Udongo humpinga mtoto. Kidole kikisukuma, nao husukuma; ukiwa mgumu hutaka nguvu ya kiganja chote, ukiwa laini hutaka ncha tu. Hatua ya kwanza binti alikuwa akiuchoma kidole na kukichomoa, siku nyingi, hivyo tu. Kisha akaanza kuufinya vipande vidogo. Kisha, karibu na miaka miwili, akauviringisha kwa kiganja juu ya ubao ukawa nyoka. Kumviringisha nyoka bila kumkata hudai viganja viwili visukume kwa nguvu sawa mwanzo hadi mwisho. Baadaye akawakunja nyoka wale wakawa pete. Na nani asiyeona kwamba nyoka na pete ndio mstari na duara, na kwamba herufi a imo mle ndani inangoja?

Kutunga nako kulianza mwaka huohuo. Bua la jani la mpapai lina uwazi ndani. Mama aliyakata mabua vipande virefu kama kidole cha mtu mzima, akayaosha utomvu, akayakausha juani, akampa mtoto kamba ya mgomba iliyofungwa kijiti kwenye ncha. Mkono mmoja unashika bua, mwingine unaelekeza kijiti, jicho linasimamia. Mikono miwili yenye kazi mbili tofauti kwa lengo moja ndiyo itakayotakiwa siku ya kuandika, mmoja ukiendesha kalamu na mwingine ukituliza karatasi.

Niseme neno la hadhari, kwani najua wasomaji wengine wataondoka hapa moja kwa moja wakampe mtoto maharage. Chini ya miaka mitatu usimpe maharage, njugu, shanga wala mbegu. Huingia puani na kooni. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya lile bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, hicho ni kidogo mno kwake. Kamba iwe fupi isiyoweza kuzunguka shingo. Na mtu mzima awepo. "Awepo" maana yake akae chini mkekani. Kupita mlangoni na kuuliza kama kuna amani si kuwepo.

Mvulana, aliyekuwa mkubwa, alisokota kamba kwa kuviringisha nyuzi pajani, akatengeneza mpira wa maganda ya mgomba, akaufunga mafundo. Alipokaribia miaka mitano alianza kusuka ukili wa chane tatu. Ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi, lakini ulikuwa ukili. Binti, yeye, hakuweza kusuka. Alichokuwa akikifanya ni kuufumua ukili wa kaka yake. Kelele zilikuwa nyingi.

Na hapa, walimu wenzangu, ndipo ninapofika kwenye sehemu yetu, ambayo mwuliza-swali wangu hakuiona. Yule kaka alisuka, yule mdogo akafumua. Mmoja alifunga, mwingine akafungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Bandika, bandua. Pachika, pachua. Choma, chomoa. Kazi za vidole vya mtoto mdogo karibu zote huja jozijozi, kutenda na kutendua, na Kiswahili kina kauli nzima ya kitenzi iliyotengwa kwa jambo hilo. Mimi nimeifundisha kauli ya kutendua katika kidato cha pili kwa miaka mingi, kwa chaki, kwa majedwali, na kila mwaka wapo waandikao "kufungia" wakikusudia "kufungua". Mwaka 2023 niliingia darasani na makopo yenye vifuniko, kipande cha ukili na mashati mawili yenye vifungo. Kipindi kimoja kilitosha. Vijana wa miaka 15 walijifunza kwa vidole kile ambacho wangepaswa kukijua kabla ya kukatika meno ya utoto.

Sote tunajua jinsi Kiswahili kilivyoingia katika nchi hii. Kwa watu wengi wa rika la wazazi wetu kilikuwa lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na haikusaidia kukipendekeza. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya ni mema, nami nimeyashangilia. Lakini amri za juu haziingizi lugha mkekani. Vitenzi vya kwanza ambavyo Waganda wengi walivisikia katika Kiswahili vilikuwa simama, lala chini, toa. Ninataka mtoto avisikie kwanza finya, sokota, tunga, menya, kwa sauti ya mtu aliyeketi karibu naye.

Hicho kitenzi cha mwisho kilituchekesha sana. Siku moja nilimwambia binti, akiwa na miaka miwili na kitu, "Menya ndizi." Akaitwaa, akaivunja vipande viwili, akanipa kimoja. Mama alicheka hadi akashika ubavu, maana kwa Kiganda kumenya ni kuvunja, na mtoto alikuwa ametii kikamilifu. Ikabidi nichukue ndizi nyingine nimwonyeshe kwa vidole: hivi ndivyo kumenya kwa Kiswahili. Hakukosea tena. Maneno mengine hayakuhitaji hata maelezo. Kutunga kwa Kiganda ni kushona na kutunga shanga. Mkeka ni "mukeeka". Kufinyanga ni kubumba, ndugu wa damu wa kuumba kwetu. Mtoto anayeijua kazi kwa lugha ya mama yake hupokea jina la Kiswahili kama mtu apokeaye jina la pili la rafiki yake wa siku zote. Sharti kazi itangulie. Kitenzi kisichowahi kupita vidoleni hukaa ubaoni na hufutwa pamoja na chaki.

Na hata istilahi zetu za fasihi, tunazojivunia, zimetoka wapi? Tunawaambia wanafunzi watunge shairi, kisha walichambue. Shanga zilitungwa kabla ya mashairi, na pamba na karafuu zilichambuliwa kabla ya riwaya. Mwanafunzi ambaye hajachambua kitu chochote kwa mkono tunamtaka achambue maudhui!

Sasa pingamizi. La kwanza nililisikia mkutanoni kwa namna ya methali: samaki mkunje angali mbichi. Naikubali methali, siikubali tafsiri. Methali imesema mkunje, haikusema mvunje. Samaki hukunjwa kwa sababu ubichi wake unamruhusu kukunjika, na mkono wa miaka miwili unaruhusu udongo na majani. Kalamu haumruhusu bado. Anayetaka kufuata methali hiyo aanze mapema, ndiyo, lakini aanze na kile kikunjikacho.

La pili ni la wale walionunua simu kubwa za kioo zenye michezo ya herufi. Wananiambia mtoto anajifunza huku ametulia. Ametulia kweli. Kidole kimoja kinateleza juu ya kioo kisicho na uzito, kisicho na ukavu wala unyevu, kisichompinga wala kumpasukia, na mkono wa pili hauna kazi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Sina haja ya kuongeza.

La tatu limenisumbua zaidi, nalo limetoka kwa mama mmoja anayeuza nyanya sokoni. Alisema: "Mwalimu, wewe una mama yako kijijini. Mimi nina chumba kimoja cha kupanga, natoka alfajiri, narudi usiku. Nani atamkalia mtoto na udongo wako?" Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sina jibu kamili. Nililomwambia ni kwamba kazi hii haihitaji saa ya pekee. Usiku anapopika, mtoto apewe donge dogo la ule unga wa chapati alikande naye, liingie kikaangoni pamoja na mengine, na hapo hata mama yangu hatalalamika kwamba chakula kinachezewa. Mtoto afungue na kufunga vifuniko vya makopo. Avue vifungo vya sweta mwenyewe, hata akichelewa. Akitimiza miaka mitatu, amenye mboga pamoja na mama, achambue mchele. Lakini ni kweli kwamba sisi tusiokwenda sokoni alfajiri tuna udhuru mdogo kuliko yeye, na ni sisi hasa tunaonunua madaftari.

La nne ni la akina baba, na ni fupi. Ati mvulana hasuki, mikeka ni kazi ya wanawake. Ndugu zangu, lubugo, ile nguo ya gome la mutuba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 miongoni mwa urithi mkubwa wa ulimwengu, hutengenezwa na mafundi wa kiume wa Buganda tangu zamani, na hakuna aliyewaona wamepungukiwa uanaume. Daktari anayeshona tumbo hufunga fundo. Fundi wa saa hushika nini?

Sidai kwamba watoto wangu wawili ni uthibitisho wa jambo lolote. Nyumba moja si utafiti, na mwanangu wa kiume, pamoja na kofi langu, anaandika vizuri leo. Nadai tu kwamba kofi lile halikuwa na sababu, na kwamba kurasa zile mbili hazikumfundisha kitu isipokuwa kuiogopa meza.

Binti aliingia chekechea shule zilipofunguliwa mwaka 2022, akikaribia kutimiza miaka mitatu. Juma la pili daftari likaja, kurasa mbili, herufi a. Nililirudisha tupu, nikaambatanisha barua ya kurasa mbili vilevile. Mwenye shule aliniita. Alikuwa mpole, alisema wazazi wengine watauliza kwa nini mtoto wa mwalimu haandiki, na kwamba atabaki nyuma. Nilimwomba muhula mmoja. Tukakubaliana kwamba wakati wenzake wakiandika yeye atapewa udongo, nami nitauleta. Nilipeleka ndoo moja Jumatatu. Ijumaa mwalimu wa darasa, binti mdogo aliyetoka chuoni juzi, alinipigia simu kuniuliza kama ningeweza kuleta ndoo ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imegawanywa.

Walimu wa wilaya nyingine wanaojua majina ya kazi za mkono katika lugha za kwao, za kusuka, kusokota, kufinyanga, kumenya na mfano wake, pamoja na Kiswahili chake, nawaomba wampelekee mhariri. Yule aliyecheka mkutanoni anatoka upande wa magharibi, ambako wanasuka vikapu vizuri kuliko sisi. Ninayangoja yake kwanza.